Jumatano ya Majaribio

Risala ya wahitimu wa darasa la saba kwa mgeni rasmi, Mratibu wa Elimu wa kata

Mgeni rasmi, Bi. Sperancia, shikamoo. Mwalimu mkuu, walimu, na wazazi wetu mlioacha kahawa kwenye mikeka, shikamooni.

KARIBU
Tunakukaribisha Kihanga kwa furaha. Tumeambiwa risala iwe fupi kwa sababu ndizi ziko jikoni. Tutajitahidi.

TULIKOTOKA
Tulipokuwa darasa la tatu, kila Jumatano mchana ilikuwa ya Mwalimu Benadeta. Yeye aliiita siku ya majaribio. Tulikuja na mkaa, udongo mwekundu na vipande vya mgomba. Tulikata mgomba tukaona vijumba vya hewa vilivyojipanga ndani, tukavichovya kwenye rangi ya udongo na kugonga juu ya maboksi. Zilitoka picha kama nyavu. Mgeni rasmi, tulikuwa na raha ambayo hatujaipata tena.

Kila mtoto wa Karagwe anajua utomvu wa mgomba hautoki nguoni. Siku moja tulisahau wote, tukajifutia mashati. Kesho yake mama yake Ainebyona alifika na shati mkononi: "Mawe, mama yangu! Mwalimu, nimefua mpaka sabuni imeisha, na huyu ananiambia eti ni sayansi!"

Mwalimu alimpa pole, akamkalisha kwenye dawati letu. Akadondosha utomvu kwenye vitambaa viwili, kimoja akakifunga kwa nailoni, kingine akakiacha wazi. Kilichoachwa wazi kiligeuka kahawia kwanza. "Kumbe ni hewa?" mama akauliza. Tangu hapo akawa anatuletea migomba mwenyewe.

TULICHOVUNA
Ufaulu umepanda, tunawashukuru walimu wote. Lakini kuna mavuno yasiyoandikwa ubaoni. Mwenzetu Elipidius alikuwa hafungui mdomo darasani. Tulipopanda mche wa mbuni kwenye chupa iliyokatwa, akaona mizizi, akauliza swali lake la kwanza: "Inajuaje chini ni wapi?" Tukampigia makofi. Siku hizi hanyamazi, na nyie walimu ni mashahidi.

KINACHOTUUMA
Tulipoingia darasa la nne, tulitangaziwa mstarini: "Jumatano kuna majaribio." Tulishangilia! Tukaja na migomba kichwani, makopo na mkaa, tukakuta karatasi za mtihani juu ya madawati. Nyumbani tunaongea Kinyambo, Kiswahili tumekikuta shuleni. Hatukujua kwamba neno moja lina sura mbili. Mwalimu Benadeta aliitazama migomba yetu, akatuambia tuiweke nje, akageukia ubao.

Tangu siku hiyo Jumatano ni ya karatasi kwa shule nzima. Tumezoea, lakini hatujasahau.

OMBI
Mgeni rasmi, ratiba zinapita mezani kwako. Hatuombi mitihani ifutwe, hatuna ubavu huo. Tunaomba Jumatano mchana irudishwe kwa darasa la tatu. Sisi tunaondoka, hatutafaidi chochote. Mwalimu Benadeta naye anastaafu Desemba. Wadogo zetu wanamjua kama mwalimu wa kugawa karatasi tu. Tunaomba wamfahamu kabla hajaondoka.

Mungu akujalie afya, akurudishe kwako salama, na akutie moyo wa kutusikia.

Ni sisi wanao, wahitimu wa darasa la saba, Kihanga.
Imesomwa na Kokwijuka Projestus kwa niaba ya wenzake.