Mama Chomoa na Kompyuta ya Chumba cha Eksirei

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, fundi mkuu wa kompyuta anastaafu rasmi leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi. Jina lake kamili limo kwenye barua za ofisi, lakini ukiliulizia wodini utazungushwa majengo yote. Ulizia Mama Chomoa, utaonyeshwa mlango.

Jina hilo alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe. Ukimpigia simu kwamba mashine imegoma, salamu alikuitikia vizuri, kisha akasema, "Chomoa." Ichomoe kwenye umeme, subiri kidogo, ichomeke tena. Nusu ya magonjwa ya kompyuta za hospitali hii yameponea kwenye simu. Mume wake anasimulia kwamba hata nyumbani, friji ikinguruma vibaya au yeye mwenyewe akinuna, dawa inayotajwa ni hiyo hiyo.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa wa masjala, enzi za mashine za kugonga kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, iliwekwa kwenye kona ikafunikwa kitambaa, na wenzake wakawa wanaipita kwa mbali. Yeye ndiye aliyefunua kitambaa. Akapelekwa masomoni, akarudi fundi, na tangu hapo kila kompyuta iliyoingia maabara, duka la dawa au wodini imepita mikononi mwake. Mafaili ya karatasi ya wagonjwa aliyahamishia kwenye kompyuta kwa subira ya mtu anayechambua mchele, na hakuna mgonjwa aliyepotelea njiani.

Ana ulimi mkali lakini hamwaibishi mtu. Daktari bingwa wetu mmoja alimwita mbio akilalamika kwamba printa imekufa. Mama Chomoa akafika, akafunga mlango, akaijaza karatasi, akatoka akisema kwa sauti kwamba hitilafu ilikuwa ngumu kweli kweli. Mpaka leo hajatuambia ni bingwa gani, nasi tumembembeleza kwa kila hila.

Kuchomoa kukishindikana, alikuwa na swali moja tu kabla hajagusa kitu. "Kimebadilika nini tangu jana?" Na sisi, miaka yote, tumemjibu kwa sauti moja kwamba hakuna. Kumbe mtu amesogeza meza, mwingine ameazima waya, mwingine amemwaga chai akaifuta haraka haraka. Alikuwa akituambia kwamba mashine haiamki tu ikabadili tabia. Tulicheka, na hatukujifunza, na Jumanne ya wiki hii nusura tulipie.

Kwanza msomaji ajue kuhusu zawadi. Kamati ya kumuaga, ambayo mimi mpiga picha za eksirei ni katibu wake, iliona kibodi ya chumba chetu ndiyo kumbukumbu nzuri kuliko saa ya ukutani. Ni ya siku nyingi, herufi zake zimefutika kwa vidole vyake, na alikuwa hataki ibadilishwe. Tukaichukua kimyakimya, tukampa fundi seremala wa hospitali aipigilie kwenye ubao. Ili bibi harusi wetu wa kuagwa asijue, tukatafuta mpya ya rangi ile ile, tukaivisha kifuniko cha plastiki cha ile ya zamani, kilichogeuka njano hata herufi za chini hazionekani, na waya wake tukauchomeka nyuma ya kompyuta. Skrini ikauliza kama iikubali, tukabofya ndiyo, ikaandika vizuri. Tukapongezana.

Usiku wa kuamkia Jumanne umeme ulikatika. Asubuhi kompyuta ya eksirei iliwaka, ikaonyesha mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi kwamba haioni diski ya kuanzia kazi, ikakaa hapo. Na wakati huo huo akaingia mama mmoja fundi cherehani amembeba binti yake mdogo, mtoto anatokwa udenda, hawezi kumeza hata mate. Mtoto alikuwa amechezea kikopo cha pini cha mama yake akameza moja, ile ya kufunga na kufungua. Daktari wa upasuaji hakutaka kubahatisha. Ilikuwa lazima ajue pini iko wapi, na imefungwa au imefunguka, kabla hajaingiza chombo chochote kooni. Hospitali nyingine yenye eksirei iko mbali, na akasema mtoto yule hafai kurushwarushwa barabarani. Bila kompyuta ile, picha haionekani. Basi mambo yote yakarudi kwa Mama Chomoa.

Alikuja bila kukimbia, maana hakimbii, akasema ugonjwa ni mdogo. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa inayoikumbusha mipangilio yake ya msingi umeme ukikatika. Betri imekufa, kwa hiyo mashine imesahau ianzie wapi. Unaiwasha, unabonyeza kitufe cha F2 mara tu inapoanza, unaingia kwenye mipangilio, unaielekeza, basi. Akaiwasha, akabonyeza. Mstari mweupe.

Akabonyeza mapema zaidi. Akabonyeza akiachia, akabonyeza akishikilia. Akachomoa umeme, akasubiri, akachomeka. Akaifungua mashine, akabadilisha betri. Akahisi labda skrini inachelewa kuwaka na nafasi inapita hatuioni, akaleta skrini nyingine; kibodi hakuishuku, aliijua ya miaka. Mstari mweupe, kila mara. Chumba kile tunakiweka nusu giza, na mlangoni tulisikia fundi cherehani akiuliza, "Bado, dada yangu? Bado?" na muuguzi mkuu akimjibu kwamba wanamalizia.

Ndipo akageuka na kutuuliza. "Wanangu, kimebadilika nini tangu jana?"

Mimi nilitazama dari. Muuguzi mkuu, naye wa kamati, akatazama viatu vyake. Tukasema hakuna. Naapa hatukukusudia mabaya. Kibodi ilikuwa imeandika vizuri jana yake, waya wake ulikuwa umechomekwa, hata taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Hakuna aliyewaza kwamba siri ya zawadi na ugonjwa wa kompyuta vinaweza kukutana.

Akarudi kwenye vitufe, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Aliondoa mikono, akaitazama. Akasema taratibu kwamba siku hizi vitufe anavisikia laini ajabu, labda ni vidole. "Labda ni mimi," akasema. "Labda ndiyo maana wananipumzisha." Nje mtoto alikohoa, na mama yake akaanza kulia waziwazi.

Mlango ukafunguliwa kwa goti. Alikuwa fundi seremala, mtu mwema asiyejua kunong'ona, amekumbatia ubao uliopakwa vanishi. "Jamani, imekauka! Ila huu waya wake niukate au niuache uning'inie?"

Mama Chomoa aliuangalia ubao, akaiona kibodi yake imekazwa kwa skrubu, na chini yake maneno ya kuchonga: IMESTAAFU PAMOJA NAYE. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akainua kile kifuniko cha njano, akaigeuza kibodi yetu mpya chini juu, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa ya kuunganishwa kwa hewa. Waya tuliouchomeka kwa ujanja ulikuwa wa kuichaji tu. Ilihitaji kompyuta iamke kwanza ndipo isikilizane nayo, na kompyuta yenyewe ilikuwa haijaamka. Alikuwa amebonyeza asubuhi nzima na hakuna F2 hata moja iliyofika.

Hakutugombeza. Alisema tu, "Lete hapa," akaupakata ubao mzima, vanishi na maandishi, akachomeka ule waya ulionusurika kukatwa, akawasha, akabonyeza mara moja. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka, wa bluu, akaielekeza mashine, na muuguzi mkuu akatoka kumwita fundi cherehani.

Muda mfupi baadaye nilipiga picha. Pini ilikuwa kwenye umio, imefunguka, ncha yake ikitazama juu. Daktari alisema angeivuta bila kuiona angemchana mtoto. Akajua pa kuishika, akaitoa. Binti yuko wodi ya watoto anadai maandazi, na mama yake ameniomba niandike humu kwamba shukrani zake hazina mwisho. Nimeandika.

Kwa hiyo waalikwa wa hafla ya leo msishangae mkiona meza ya zawadi ina nafasi tupu katikati. Zawadi yenyewe iko chumba cha eksirei, ubao na yote, inafanya kazi. Tulitaka kuifungua ili tumkabidhi, mwenyewe akakataa katakata. Alisema isiguswe mpaka ipatikane nyingine yenye waya wa kweli, na kwa jinsi tunavyofahamu mwendo wa idara ya ununuzi, huenda kibodi hiyo ikamaliza miaka yake mingine hapo. Yale maneno ya kuchonga tumeyabandikia plasta.

Mama yetu, asante kwa miaka yako, kwa milango uliyoifunga ili wengine wasiaibike, na kwa kutojali kwamba tulikufanya uvishuku vidole vyako. Havikuwa na kosa. Nenda ukalale mpaka jua lipande, mzee wa nyumbani akinuna mchomoe taratibu, na afya iwe nawe siku zote.

Jumatatu kompyuta fulani itagoma, haikosi. Mmoja wetu ataketi mbele yake na kuuliza swali lako, kimebadilika nini tangu jana. Na kwa mara ya kwanza hatutasema hakuna. Tutasema Mama Chomoa ameondoka.