Kipande cha Marumaru Chini ya Mto

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Cleophace zima hiyo simu, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema mara mbili. Shamba la Kanoni baba yenu Kaijage aliligawa kabla hajafa, mipaka mnaijua, sina neno nalo. Kinachonitia kinyaa ni ile loji ya Nkwenda. Aliiacha ina kuta na bati, akawaambia malizieni ndani wageni waingie, na huu ni mwaka wa tatu, vyumbani mmeanika kahawa.

Msinitajie fedha, fedha ipo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema ndiyo. Fundi Anastazi aliwaletea vipande viwili vya marumaru, cheupe na cha kijivu, akaomba mchague tu, kwa sababu bila sakafu hawezi kupima milango, wala fundi bomba hafungi vyoo. Mkaitisha kikao. Cleophace akataka nyeupe, lakini ndugu yenu Egbert yuko ofisini kwake Bukoba, basi angojwe. Alipofika mkaanza upya na mtungi mpya wa pombe ya rubisi, kwani kwetu aliyekosa kikao haletewi uamuzi, anakalishwa ausikie mjadala tangu mwanzo. Naye akataka kijivu, tena shangazi yenu Anonciata aulizwe. Vikao kumi na kimoja. Desturi hiyo wazee waliiweka kwa ajili ya mashamba na ndoa, ninyi mkaifanya kichaka cha kujificha, kila mmoja akiogopa kulaumiwa kwa sakafu ya choo.

Anastazi alichoka, akaenda kumalizia loji ya Harerimana, aliyechimba msingi sisi tumeshaezeka. Siku za soko wanunuzi wa kahawa wanalala kwake, wakipita mbele ya loji yetu isiyo na hata mlango. Mimi naona aibu, ninyi mnaona kiu.

Sasa loji nampa Kokugonza, dada yenu. Faida mtagawana naye, uamuzi hapana. Mwenyekiti wa kitongoji ameshaandika, dole gumba nimeweka.

Unasema nini, Cleophace? Tumngoje Egbert?

Mwoneni huyu. Mama yake anaondoka, yeye anangoja basi la Bukoba.

Kokugonza, ingiza mkono chini ya mto wangu. Hicho. Kijivu, hakionyeshi matope. Kesho mpigie Anastazi. Mimi nizikeni kando ya Kaijage, siku ya pili, aliyefika amefika. Msinikalie kikao. Mungu awabariki nyote, hata wewe Cleophace, awape… awape kinywa chepesi cha kusema ndiyo.

Nipeni maji. Mnatazamana nini? Kokugonza… wewe. Lete.