Dada Yetu, Aliyefungua Kuku Ili Banda Lipone

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ni kaka wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nikikwama njiani naomba mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa mama yetu huyu aliyeketi mbele, akasoma shule ya msingi kuanzia 1981 hadi 1987, na ni katika miaka hiyo alipopasua firigisi ya kuku wa wageni akatoa humo hereni ya shangazi, hereni ambayo mimi nilikuwa nimeshachapwa kwa kuiiba.

Baada ya sekondari alisomea afya ya mifugo, na tarehe 2 Mei 1996 akaajiriwa maabara, chumba chenye meza ya bati na bomba linalovuja, ambako wafugaji walimletea kuku waliokufa, naye akawalowesha manyoya yasipeperuke, akatenganisha mapaja ili kuku alale chali, akainua kidari, akapitia ini, mapafu na utumbo mpaka aone kilichoua, kwa maana alituambia kila siku kwamba kuku mmoja akifunguliwa vizuri, banda zima linapona.

Shemeji yetu naye alikuja kama mfugaji, kuku wa kwanza aliyemleta alikufa kwa minyoo, wa pili kwa kideri, wa tatu dada akamtazama shingo tu, akasema, "Huyu amekufa kwa kisu, baba, hebu sema shida yako," wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1998, wakajaliwa binti mmoja.

Tangu 2021 alikuwa akiishiwa pumzi kwenye ngazi, mara akazimia, akatibiwa, jina la ugonjwa lisipatikane, akatuagiza kwamba akitangulia afunguliwe, binti yake apate jibu. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024 alianguka kazini, glovu mkononi, hakuamka tena.

Mama alikataa katakata, akasema, "Mwanangu si kuku," hadi mjukuu wake alipompigia magoti, "Bibi, mimi nami huzimia, nilinyamaza ili mama asihangaike." Mama akamwinua, akasema, "Mfungueni. Ila mumshone vizuri, mwanangu alipenda unadhifu."

Ukuta wa moyo ulikutwa umenenepa kupita kiasi, ugonjwa wa kurithi, binti akapimwa, naye anao, ila umewahiwa.

Tunawashukuru madaktari mliomfungua na kumshona kwa heshima, majirani mliolala sakafuni na mama, na wafanyakazi wenzake mlioosha ile meza yake ya bati wenyewe.

Dada, jibu tumelipata, lakini tulikutaka wewe. Asubuhi hii binti yako amemeza kidonge chake, bibi yake akimshikia glasi ya maji. Pumzika kwa amani.