Mhakiki Kasemaje Kuhusu Dirishani?

Benchi letu liko pembeni ya barabara, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, na dirisha la chumba changu liko mgongoni kwake. Ndiyo maana kahawa nauza mimi. Kila asubuhi pale hununuliwa gazeti moja tu, likagawanywa karatasi kwa karatasi kama mkate. Kinyozi, tunayemwita Spika kwa ile sauti yake, huchukua za mbele awasomee wateja. Mzee Stempu, mstaafu wa posta, huchukua zenye matangazo ya vifo. Za nyuma ni za fundi viatu, Soli, ambaye hutazama picha za mpira, kisha huzifinyanga na kuzijaza ndani ya viatu visibonyee. Tumeishi hivyo miaka na miaka, hakuna aliyemnunia mwenzake, mpaka asubuhi ile gazeti lilipomsema mjukuu wangu wa kike.

Yeye na wenzake wawili walikuwa wameanzisha jarida la utamaduni, Dirishani, lisilo na karatasi hata moja, la kusomwa kwenye kompyuta. Siku hizo intaneti bado ni kitu cha kuhadithiwa. Alikuwa ameniambia: “Bibi, tumechoka. Hatujui hata kama kuna anayetusoma. Yule mhakiki wa gazeti akitusema vibaya, tunafunga.”

Sasa Spika, bila kujua binti yuko nyuma ya dirisha na chai yake mkononi, akapaaza sauti:

— “Nilifungua Dirishani nikakasirika. Picha ya kwanza ilinichukua muda wa kuchemsha maji na kupika, na niliporudi ilikuwa imefika kwenye paji la uso. Nani atakaa mbele ya kioo kusubiri utamaduni? Nikachukua kalamu niwaandikie vijana hawa neno moja tu: fungeni.”

Dirisha likafungwa pa! Nikasikia kitanda kikilia.

— Umemuua mtoto wa watu, nikamwambia Spika.

— Yumo ndani? Mama yangu! Si ungenikanyaga mguu, Bibi!

— Ningekukanyaga vipi na birika la moto mkononi?

Wakainama wote watatu. Halafu, kama kawaida yao, wakaanza kumtetea kwa kelele ili asikie.

— Huyo mhakiki kalipwa, alisema Stempu. Wenye magazeti wanaogopa. Watu wakisoma bure kwenye kioo, nani atanunua karatasi?

— We mzee, kalipwa wapi! Spika akadakia. Huyo analitaka jarida. Ukitaka baiskeli ya mtu si unaiponda kwanza? Mara mnyororo mbovu, mara usukani umepinda, mwenyewe akikata tamaa, unaichukua.

— Nyote hamjui kitu, alisema Soli, misumari midomoni. Huyo aliwahi kumposa binti akakataliwa. Hasira za namna hiyo si za jarida. Bibi, katika waliokuja kuposa, hakuna aliyekuwa na miwani kama msomi?

— Waliokuja wote walikuwa na miwani, Soli. Kunywa kahawa yako.

— Mimi nawaambia tatizo ni ile picha kuchelewa, Stempu akasogea mbele ya benchi. Nimefanya kazi posta, nayajua haya. Picha inatoka mbali, si ndiyo? Kila kituo inafunguliwa, inakaguliwa, inapigwa muhuri, inafungwa tena. Inafika kwako kipande kipande. Kosa la binti liko wapi hapo?

— Muhuri kwenye waya, mzee?

— Kwani wewe umewahi kuingia ndani ya waya?

Spika akasonya. Akanyoosha kikombe nikammiminia, mawazo yangu yakiwa kule kitandani. Nilimlea yule tangu hajaota meno. Najua kilio chake cha njaa na cha homa, ila kunyamaza kwake kule sikukujua. Na asubuhi yote hajatia chakula kinywani.

Ndipo akaja nesi wa zahanati kuchukua viatu vyake. Si mtu wa benchi yule, hupita tu. Alisimama akiwasikiliza wanavyofokeana, akauliza kwa upole:

— Samahani baba zangu. Na mwisho wake anasemaje?

— Mwisho wa nini?

— Wa hiyo habari.

Spika akaitazama karatasi. Akaigeuza, akairudisha. Stempu akakohoa.

— Hapa chini pameandikwa… Inaendelea ukurasa wa kumi na nne.

— Uko wapi wa kumi na nne?

Wote wakamgeukia Soli. Soli akavitazama viatu vyeusi mezani, akatema misumari.

— Jamani, mimi huwa naangalia mpira tu.

Wakavamia vile viatu kama kuku kwenye pumba. Cha kulia kilikuwa na ratiba ya ligi. Cha kushoto kikatoa bonge la karatasi lenye rangi ya viatu, Stempu akalilaza juu ya paja, akalinyoosha kwa kiganja kama bahasha ya serikali. Nikamwambia Spika:

— Soma. Na safari hii soma kwa sauti yako yote.

— “Lakini sikuliandika neno lile. Picha ilimalizika, nikaona benchi la kahawa, na chini yake makala ya watu watatu wanaogawana gazeti moja, hata hakuna anayejua mwisho wa habari yoyote. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Kisha nikasoma ya pili, na ya tatu, mpaka chakula kikapoa. Vijana hawa wanatuona. Wapunguze ukubwa wa picha. Wasithubutu kufunga.”



— Binti ametuandika? Soli akauliza.

— Ametuandika, na mhakiki katucheka! alisema Stempu, na kumbe alikuwa anatabasamu hadi magegoni. Spika, rudia hapo pa watu watatu.

Spika akarudia. Nilipotaka kummiminia nesi, birika lilitoa matone tu. Kahawa yote nilikuwa nimeimwaga kwenye kikombe cha Spika kilichojaa tangu zamani, imetiririka hadi chini ya benchi, na hakuna aliyeona, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nyuma yetu dirisha likafunguka taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu, nywele upande.

— Bibi, kuna chochote cha kula?