Mistari Minne ya Mama Bernardine

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwaharibia watu ndoto zao kwa faida yao wenyewe, Mama Bernardine, mshauri wa masomo wa shule yetu hapa Kasenga, mjini Uvira, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 5 Julai 2024. Wazazi wa hapa na wa mtaa wa Kilibula sasa wanaweza kupumua.

Alianza mwaka 1992 kama mwalimu wa Kifaransa. Ofisi ya ushauri aliiomba kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho paa lake halikuvuja, na hajawahi kulificha jambo hilo. Katika mikutano ya walimu alisinzia bila aibu, akaamka wakati wa kupiga kura, na mara nyingi alipiga vizuri kuliko sisi tuliokuwa macho.

Kila finaliste, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alitakiwa kumletea orodha ya vyuo yenye mistari minne: wa kwanza ndoto, wa pili na wa tatu vyuo vya kimo chake, wa nne mahali ambapo hakika atapokelewa. Chuo hicho cha nne ilibidi ukakione mwenyewe na kukaa huko asubuhi nzima. Ukirudi umenuna, unatafuta kingine. Wazazi walimkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Aliwajibu kwamba asiyechagua atalima kwa mpini.

Hapa kwetu kila mzazi amezaa daktari. Orodha zilikuja na udaktari Bukavu, udaktari Goma, udaktari Bujumbura, udaktari Kinshasa. Mama Bernardine alisema hiyo ni ndoto moja iliyopanda magari manne. Kijana mmoja, Luc, aliandika miji minne yenye shangazi wanaopika vizuri. Alisifiwa kwa ukweli wake, kisha akarudishwa.

Mwaka 2016 mzee Toussaint, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, alichinja mbuzi na kutangaza kanisani kwamba binti yake Fabiola anakwenda kusomea udaktari Bukavu. Binti alikuwa bado hajafanya hata mtihani wa kuingia. Mama Bernardine alifika kwenye karamu, akala vizuri, akaomba orodha. Ilikuwa na mstari mmoja. Mbele ya wageni akamuuliza Fabiola: "Weye iko unataka kuponyesha bantu, ao unataka tu blouse nyeupe, ile koti ya badaktari?" Kisha Mama Bernardine akaongeza mistari mitatu kwa kalamu ya bic nyekundu, wa mwisho chuo cha ualimu cha hapa Uvira. Toussaint hakumsalimia mwaka mzima.

Fabiola alianguka mtihani wa Bukavu. Mstari wa pili ulimkataa, wa tatu haukujibu. Bila wa nne, angebaki nyumbani akianika ndagala. Huko chuoni alikuwa amekwenda asubuhi moja kwa hasira, akaingia somo la kemia, akasahau kununa.

Fabiola huyo ni mimi. Nafundisha kemia katika shule hii, na kuanzia Jumatatu ofisi ya ushauri ni yangu. Baba bado ananitambulisha kanisani kama docteur, nimechoka kumsahihisha.

Mama, wenzako wote tunakuombea afya, mapumziko marefu na maisha mema. Siku niliyokuja kwako nikilia kwa aibu ya kwenda ualimu, ulinivutia kiti, ukaniita mwalimu. Nilikuchukia wiki nzima. Asante.