Mfalme wa Misri na Mzee wa Dirma

Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba huko Misri limefunguliwa kaburi la mfalme wa kale, na askari wamewekwa kulilinda. Kufikia saa nne habari ilikuwa imefika kwenye benchi la Konsolata, muuza kahawa wa njia panda ya Gitting. Bura, mfugaji Mbarabaig wa Dirma, alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Kaburi la baba yake, kilima cha udongo ambacho ukoo mzima ulikiinua kwa miezi kadhaa kumheshimu, lilibaki ndani ya eneo lililochukuliwa na shamba la ngano la serikali. Meneja alimwahidi kwamba matrekta yatalizunguka.

— Nani hasa alijenga yale mapiramidi? aliuliza Basili, aliyeitwa Gazeti.

— Sisi Wairaqw, alijibu Sulle, fundi baiskeli waliyempa jina la Profesa. Babu zetu walichoka kubeba mawe, wakahamia Mbulu.

— Mwongo! Choo chako mwenyewe kimebomoka mara mbili.

— Mvua hiyo, bwana. Misri hainyeshi.

— Mimi nasema mawe yalivutwa na ng'ombe wa Kibarabaig. Si kweli, mzee Bura?

— Ng'ombe gani? Malisho yote si ngano sasa?

— Tunatania tu, mzee.

— Tanieni. Huyo mfalme hana hata mjukuu wa kumlilia, analindwa kwa bunduki. Baba yangu analindwa na maneno ya meneja.

— Ungemjengea piramidi, Profesa alisema. Trekta lingevunjika jembe.

— Sulle, kunywa kahawa unyamaze! Konsolata alifoka.

Ndipo akaja dereva wa trekta, mgeni aliyeanza kazi juzi, buti zimejaa udongo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Alipokea kikombe, akaketi kando ya Bura.

— Nyie wenyeji, nielezeni. Leo nimesawazisha kichuguu kikubwa kule upande wa Dirma. Nimekikata katikati, hakuna mchwa hata mmoja. Kichuguu gani kile?

Birika la Konsolata lilibaki hewani. Gazeti alitazama chini.

Bura aliweka kikombe chini, bado kimejaa.

— Udongo wake umeupeleka wapi?

Dereva alitazama buti zake.