Usukani wa Mama Chebet na Wivu Wangu

Bwana asifiwe, watu wa Kabazi! Aah, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia.

Mimi naitwa Josphat, fundi wa magari kule Nakuru mjini. Nimeokoka miaka mingi. Lakini ndugu zangu, niwaambie ukweli, nilikuwa nimeokoka na wivu umenijaa mpaka hapa kooni. Niliimba kwaya na wivu. Nilishiriki Meza ya Bwana na wivu!

Na wivu wangu ulikuwa na jina. Uliitwa Barnaba. Barnaba ni fundi kama mimi, tunaabudu kanisa moja, na gereji yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati. Alipofungua, nilimwombea baraka kwa mdomo. Halafu kastoma wangu wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Asubuhi, kabla sijafungua mlango wangu, lazima kwanza nichungulie kwake nione kumeingia gari gani. Mke wangu ananiambia, "Baba Shiru, kula," nasema sina njaa. Kumbe nimeshiba wivu.

Siku Mama Chebet alipovuka, nililia. Mwanaume mzima! Mama Chebet ni muuza viazi wa Dundori, na ile pikapu yake ya zamani nilikuwa nikiitengeneza tangu alipoinunua. Sasa usukani ulikuwa umeanza kukwama. Akikata kona, haurudi. Mimi hakuniambia. Alimpelekea Barnaba.

Barnaba akabadilisha raki, kile chuma cha chini kinachogeuza magurudumu. Usukani bado ukakwama. Ndipo akavuka barabara, akavua kofia, akasema, "Mzee, hii kitu imenishinda. Hebu kuja uiangalie."

Nilienda. Nikageuza usukani mara moja tu na mkono wangu ukajua. Raki haikuwa na shida. Ni ile jointi ya chini ya nguzo ya usukani, kile kiungo cha kujikunja, ilikuwa imekauka na kushika kutu. Kazi ya asubuhi moja! Lakini shetani akaninong'oneza, wacha aaibike. Nikamwambia, "Raki uliyouziwa ni mbovu. Tafuta ingine." Nikarudi kwangu nikipiga mluzi. Ndugu zangu, nilisikia utamu! Wivu una utamu wake, msidanganywe.

Alhamisi tukawa kwenye ushirika wa nyumbani. Mama Chebet akasimama, akamshukuru Mungu kwa ajili ya fundi Barnaba, kwamba amemwekea raki ya pili na sasa angalau usukani unageuka. "Kesho nateremka Mai Mahiu na gunia za viazi," akasema. "Mniombee safari."

Sasa kwetu iko hivi: mtu akishatoa ombi, mzee wa ushirika anachagua wa kuomba, na ukichaguliwa hukatai. Mzee akaninyooshea kidole mimi. "Fundi, wewe ndiye unajua magari. Ombea hiyo pikapu."

Nikasimama. Watu wakafunga macho. Nikasema, "Baba, tunaiweka safari hii..." Sauti ikakatika. Nikaanza tena. "Baba, tunaiweka..." Wapi! Nilikuwa naona zile kona za mteremko, malori nyuma yake, na yule mama anavuta usukani na usukani umekataa kurudi. Namwomba Mungu azuie kifo, na dawa yake nimeificha mdomoni mwangu! Jasho likanitoka. Watu wakadhani ni upako, wakaanza, "Yesu! Yesu!"

Nikafungua macho nikasema, "Ngojeni. Mama, hiyo gari kesho haiendi popote. Barnaba, nilikudanganya. Shida ni jointi, na nilijua. Nilikuwa nakuonea wivu."

Barnaba akasema, "Mzee, wivu nilijua uko nao. Jibu ndilo sikujua uko nalo." Halafu akaongeza, "Kesho asubuhi kuja na spana zako."

Ijumaa tukalala chini ya hiyo pikapu bega kwa bega. Tukanyoosha magurudumu, tukaweka alama ya rangi kwenye nguzo ili isirudi kombo, tukalegeza bolti, tukachomoa jointi. Haikunjiki! Ndani ni kutu na vumbi la Dundori. Na ni nani kila msimu wa viazi alikuwa akiipiga maji ya presha huko chini, asiweke grisi hata siku moja? Mimi! Hilo pia nililisema, mbele ya Mama mwenyewe. Tukafunga jointi mpya, Mama akageuza usukani kwa kidole kimoja, ukarudi wenyewe.

Na alimkumbatia nani? Barnaba! Mimi akanipa mkono tu. Wivu ukainua kichwa palepale. Nikasema, Yesu, si tulimaliza jana? Hapo ndipo Bwana alinifundisha. Siku hizi wivu ukinishika, navuka barabara namwambia, "Barnaba, leo nimekuonea wivu kwa ajili ya ile gari nyeupe." Anacheka. Naye siku moja aliniambia hata yeye aliwahi kunionea wivu. Mimi! Ukishatajwa hivyo, unakosa nguvu. Utukufu kwa Mungu!

Mama Chebet bado ni kastoma wake. Inaniuma, siwafichi. Lakini anateremka Mai Mahiu kila Ijumaa na anarudi nyumbani.

Ndugu yangu, dada yangu, kuna mtu ambaye jina lake limekujia nikiongea. Usiseme neno hili ni la jirani yako. Mwamini Yesu, anaweza kukufungua. Lakini usimwombee huyo mtu ukiwa umemficha kitu. Kama yuko humu ndani, inuka sasa, umfuate pale alipoketi. Sisi tutangoja.